Jinsi Lacha Mchanga Anavyofunzwa Kuwinda Sungura Usiku

Lacha ni mbwa chotara. Mzazi wake mmoja hutoka katika jamii ya mbwa wanaowinda kwa macho, yaani wanaomwona mnyama na kumshinda mbio badala ya kufuata harufu ya nyayo zake. Humo wamo greihaundi, wipeti na saluki, huyu wa mwisho akiwa mbwa anayefugwa na Waarabu wa Ghuba tangu zamani. Mzazi wa pili huwa mbwa wa kazi, mara nyingi koli anayechunga kondoo, au teria. Upande wa mbio humpa lacha miguu mirefu, kifua chenye nafasi kubwa ya moyo na mapafu, na jicho kali. Upande wa kazi humpa usikivu na mwili unaostahimili miiba na baridi. Kwao ni Uingereza na Ireland, na kazi yake iliyozoeleka ni kukamata sungura usiku kwa msaada wa taa ya mkononi.

Anayeitazama kazi hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mbwa amefundishwa kukimbiza. Sivyo. Hamu ya kukimbiza kitu kinachokimbia amezaliwa nayo. Mtoto wa lacha hufukuza jani linalopeperushwa na upepo bila kuambiwa na mtu. Anachofundishwa ni mambo mawili yanayopingana na hamu hiyo: kungoja kabla ya mbio, na kurudi baada yake. Ili tuone kwa nini mambo hayo mawili ndiyo yenye uzito, inafaa tumjue kwanza sungura, kisha mwanga, kisha mwendo, ndipo tumfikie mbwa mwenyewe.

Sungura anayezungumziwa hapa ni sungura wa Ulaya, ambaye wanasayansi humwita Oryctolagus cuniculus. Msomaji wa Afrika Mashariki asimchanganye na sungura wa porini wa huku kwetu, wa jenasi ya Lepus. Huyo wa kwetu hachimbi shimo, huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofunguka, na akifukuzwa hutegemea mbio ndefu za uwandani. Sungura wa Ulaya huishi katika mashimo yaliyounganika chini ya ardhi, huzaa watoto vipofu wasio na manyoya, na anaposhtuka hana nia ya kwenda mbali. Nia yake ni kufika shimoni. Kwa hiyo mbio zake ni fupi, za sekunde chache, na zina mwisho unaojulikana: ukingo wa shamba, kwenye ua wa miti na vichaka, ambako mashimo mengi huwa.

Uzito wake ni kati ya kilo 1.2 na 2. Jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 30 tu, na anaweza kuzaa mara kadhaa kwa mwaka. Ndiyo sababu wakulima wa Uingereza humhesabu kuwa mharibifu wa nafaka changa na malisho, na sheria ya mwaka 1954 kuhusu wanyama waharibifu iliwapa wenye ardhi wajibu wa kumdhibiti. Ugonjwa wa miksomatosisi, ulioingia Uingereza mwaka 1953, uliua takribani asilimia 99 ya sungura wote wa nchi ile. Waliobaki wakazaana upya.

Sheria nayo ni sehemu ya somo, maana mbwa hawezi kuisoma na mwenye mbwa ndiye atakayejibu. Katika England na Wales, Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 18 Februari 2005, ilikataza kuwinda wanyama wengi wa porini kwa kutumia mbwa, lakini ikaruhusu sungura na panya, mradi mwindaji awe kwenye ardhi yake au awe na ruhusa ya mwenyewe. Wale ndugu wa jenasi ya Lepus, ambao pia wapo Uingereza, hawakuruhusiwa. Scotland ilikaza zaidi kwa sheria yake ya mwaka 2023. Kwetu hali ni nyingine kabisa. Kenya, kwa mfano, ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Somo hili basi lisomwe kama elimu ya mwanga, mwendo na tabia, si kama kibali.

Sungura hutoka kula jioni, usiku na alfajiri. Macho yake yako pande mbili za kichwa, hivyo huona karibu mzunguko mzima bila kugeuza shingo, isipokuwa eneo dogo mbele ya pua yake. Masikio yake hunasa hatua za mtu kwenye nyasi, na pua hunasa harufu iliyobebwa na upepo. Mmoja akishtuka hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, na wenzake wote hukimbilia mashimoni. Usiku wa mbalamwezi huona mbali na kwa kawaida hula karibu na ukingo. Usiku wa giza nene, wenye upepo wa nguvu, kelele ya majani hufunika hatua za mtu na giza humfunika yeye mwenyewe. Sungura hujiona salama na husogea katikati ya shamba. Mwindaji hutembea akiukabili upepo ili harufu yake na ya mbwa ibaki nyuma. Usiku anaouchukia msafiri ndio huo anaoutaka mwindaji.

Sasa taa. Ndani ya jicho, nyuma kabisa, kuna utando unaoitwa retina. Juu yake zimepangwa seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Za kwanza huitwa seli koni. Hufanya kazi penye mwanga mwingi na hutambua rangi. Za pili huitwa seli fito. Hazitambui rangi, lakini hufanya kazi katika mwanga hafifu mno na ni hodari wa kunasa kitu kinachosogea. Retina ya mbwa ina seli fito nyingi sana. Tena nyuma ya retina yake kuna tabaka linaloakisi mwanga: mwanga uliopita bila kunaswa hurudishwa na kupita mara ya pili, hivyo seli hupata nafasi nyingine ya kuunasa. Tabaka hilo ndilo linalofanya macho ya mbwa, mbweha au kondoo yang'ae kwa ukali yanapomulikwa usiku. Sungura hana tabaka hilo. Jicho lake likimulikwa hutoa wekundu hafifu tu, unaotokana na mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mwindaji mzoefu humtambua sungura kwa wekundu huo kabla hajaliona umbo lake, na akiona macho yanayong'aa kijani huzima taa na kupita mbali, kwa kuwa huenda hao ni kondoo wa mtu.

Seli fito hutumia kemikali iitwayo rodopsini. Mwanga ukiipiga, kemikali hiyo huvunjika, na kuvunjika huko ndiko kunakoanzisha ishara inayokwenda kwenye ubongo. Mwanga ukiwa mkali, rodopsini huvunjika kwa wingi kuliko inavyoundwa upya, na jicho hupoteza uwezo wake wa gizani kwa muda. Kwa binadamu, kuurejesha uwezo huo kikamilifu huchukua kama nusu saa. Jicho la mbwa nalo halirudi papo hapo.

Kutokana na maelezo hayo mafupi kanuni kadhaa hujitokeza zenyewe. Taa isipite kamwe usoni pa mbwa, kwa kuwa mbwa aliyemulikwa machoni ataachiliwa akiwa nusu kipofu. Taa ishikwe juu na pembeni, la sivyo mwili wa mbwa wenyewe utatupa kivuli mbele yake, na sungura atapotea ndani ya kivuli hicho. Mbio zikianza, mwale umfuate sungura, usimfuate mbwa; mbwa anakimbia ndani ya mwanga, na kila kitu kilicho nje ya mwale, kwake ni giza tupu, hata kama dakika tano zilizopita macho yake yangekiona. Humo gizani kuna seng'enge, kuna malango ya chuma, kuna mitaro. Majeraha mabaya zaidi ya lacha hutokana na seng'enge. Kwa hiyo shamba hukaguliwa mchana, mguu kwa mguu, na sehemu yenye waya hukumbukwa, ili mbwa asiachiliwe kuelekea huko hata sungura awe karibu namna gani.

Tuje kwenye mwendo. Lacha mwenye damu nyingi ya greihaundi anaweza kukimbia mita 16 kwa sekunde, karibu kilomita 58 kwa saa. Sungura hana kasi hiyo. Ikiwa ni hivyo, kwa nini sungura wengi huponyoka? Jibu liko katika kugeuka. Kitu chochote kinachokwenda hupenda kuendelea mbele kwa mstari ulionyooka. Ili kigeuke ni lazima kani fulani ikivute upande. Kwa mnyama anayekimbia, kani hiyo hutoka kwenye msuguano kati ya nyayo na ardhi. Hesabu yake ni rahisi: nusu kipenyo cha kona ndogo kabisa anayoweza kuipiga ni kasi yake ikizidishwa kwa yenyewe, kisha kugawanywa kwa mchapuko ambao msuguano unaweza kuutoa. Tukichukulia kwamba msuguano unatoa mchapuko wa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, mbwa mwenye kasi ya mita 16 anahitaji kona yenye nusu kipenyo cha mita 25.6. Sungura anayekwenda nusu ya kasi hiyo, mita 8 kwa sekunde, anahitaji mita 6.4 tu. Kasi imepungua mara mbili, kona imepungua mara nne. Uzito haumo katika hesabu, maana mnyama mzito huhitaji kani kubwa zaidi lakini pia huikandamiza ardhi zaidi, na mambo hayo mawili hufutana. Nyasi zikilowa na msuguano ukapungua nusu, kila kona huwa kubwa maradufu, kwa mbwa na kwa sungura.

Dereva wa bodaboda anaijua hesabu hii bila kuiandika: hapigi kona ya uchochoro kwa kasi ya barabara kuu. Lacha mchanga haijui. Humkaribia sungura kwa kasi yake yote, sungura hupinda, na mbwa hupita moja kwa moja mita nyingi kabla ya kugeuka. Hakuna amri inayoweza kumfundisha jambo hili. Hujifunza kwa miguu yake kwamba hatua chache kabla ya kumfikia sungura inampasa apunguze mwendo, ateremshe mwili, na akae upande wa ua ili kona ya sungura imlete kwake badala ya kumtoa. Mwindaji anachoweza kufanya ni kumpa nafasi zinazofundisha, na kumnyima zile zinazovunja moyo au mfupa.

Mfupa wenyewe unadai maelezo. Mifupa mirefu ya miguu hurefuka kupitia mabamba ya ukuaji, ambayo ni matabaka ya gegedu karibu na ncha za mfupa. Gegedu ni laini kuliko mfupa, na bamba likiumia, mguu unaweza kukua ukiwa mfupi au uliopinda. Kwa mbwa wengi mabamba hayo hufunga kabisa, yaani hugeuka mfupa, mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na kwa mbwa wakubwa huchelewa zaidi. Ndiyo maana lacha haingizwi katika mbio za kweli kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wenye pupa humwachilia akiwa na miezi minane, kwa kuwa anaonekana mkubwa na ana kasi. Kwa macho ni mbwa mzima. Kwa mifupa bado ni mtoto. Hata hivyo mwaka huo wa kwanza haupotei bure, kwa sababu karibu masomo yote ya kungoja na kurudi huwekwa humo.

Mwaka 1898 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alieleza majaribio aliyofanya kwa paka waliofungiwa ndani ya masanduku. Paka alijaribu mambo mengi ili atoke. Tendo lililomfungulia mlango na kumfikisha kwenye chakula, polepole alilirudia haraka zaidi kila alipofungiwa tena, na matendo mengine yakafifia. Kutokana na hayo Thorndike alitoa kanuni kwamba tendo linalofuatwa na matokeo mazuri huimarika, na lile linalofuatwa na matokeo mabaya hudhoofika. Mnyama hapimi nia ya mtu. Anapima kilichofuata.

Tumtazame sasa mtoto wa lacha wa miezi minne aliyeokota soksi iliyojazwa matambara. Mwenye mbwa amechuchumaa mwisho wa ujia mwembamba, kati ya kuta mbili, ambapo mtoto hana njia nyingine ila kuja. Amegeuza bega, hamkazii macho, maana kwa mbwa macho yaliyokazwa ni tishio. Mtoto anakuja, mkia ukitikisika, soksi ikining'inia upande mmoja wa mdomo. Hapa ndipo watu wengi hukosea: hunyoosha mkono na kuichukua soksi papo hapo. Kwa kanuni ya Thorndike, kilichofuata baada ya kurudi ni kunyang'anywa. Mara ya tatu au ya nne mtoto huyo ataanza kuzunguka kwa mbali, na miaka miwili baadaye atakuwa mbwa anayekamata sungura vizuri kisha akamzungusha shambani gizani bila kumleta. Mfunzaji mwenye subira huiacha soksi mdomoni. Humpapasa kifua na shingo, humsifu kwa sauti ya chini, humwacha asimame hapo akijivunia alichobeba, na baada ya kitambo huweka kiganja chini ya kidevu na kungoja ashushe mwenyewe. Soksi ikizoeleka hufungwa ngozi ya sungura iliyokaushwa. Baadaye hutumika sungura mfu aliyepoa. Katika kipindi ambacho meno ya maziwa yanang'oka, na meno ya kudumu yakiwa yanaota hadi kama mwezi wa saba, mchezo wa kuvutana huachwa, kwani ufizi unauma na mtoto atahusisha kubeba na maumivu.

Kurudi kukisimama, hufuata kungoja. Hapa msaada unatoka kwa Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula. Pavlov alionyesha kwamba ishara isiyo na maana yoyote, ikitangulia chakula mara nyingi, huishia kumtoa mbwa mate yenyewe peke yake. Taa kwa lacha ni ishara ya aina hiyo. Ikiwa kila inapowashwa mbio hufuata, baada ya siku chache kuwaka kwa taa kutamfanya atetemeke, avute ukanda na kulialia, na sauti hiyo itawapeleka sungura wote shimoni. Dawa yake ni kuitenganisha ishara na tukio. Mtoto hutembezwa usiku kwa ukanda, taa huwashwa na kuzimwa mara nyingi, sungura huonwa, na hakuna kinachotokea. Wiki kwa wiki taa hukoma kuwa ahadi. Ahadi inabaki kwenye jambo moja tu, ukanda kulegea shingoni. Kwa maoni ya mwandishi, matembezi haya matupu ndiyo yanayomtofautisha lacha wa kutegemewa na mwingine yeyote, na ndiyo yanayorukwa zaidi, kwa sababu kwa mtu yanachosha.

Katika mwaka huo huo mbwa huzoezwa kondoo. Tangu akiwa na wiki chache hupitishwa karibu na kundi akiwa na ukanda, hadi kondoo wawe kwake kama mawe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 inamwajibisha mwenye mbwa anayesumbua mifugo, na mkulima aliyempoteza kondoo mmoja kwa mbwa hatoi ruhusa tena.

Usiku wa kwanza wa kazi huchaguliwa, hausubiriwi tu ufike. Giza liwepo, upepo uwepo, na anatafutwa sungura aliyejibana chini mbali na ua. Sungura wengi wakimulikwa hubana masikio mgongoni na kutulia kabisa, kwa kuwa jicho la adui hunasa zaidi kinachosogea. Mwindaji husogea naye mbwa taratibu hadi hatua chache, akijiweka kati ya sungura na mashimo ikiwezekana, kisha hulegeza ukanda. Sungura mmoja au wawili kwa usiku mzima wanatosha. Mbio zikizidi, mambo mawili huharibika. La kwanza ni mwili: mbio za kasi kubwa hutumia sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli kwa njia isiyongoja oksijeni, huacha joto jingi, na mbwa hana jasho la mwili mzima la kulitoa, hulitoa kwa kuhema. Asiachiliwe tena kabla pumzi yake haijashuka na kutulia. La pili ni tabia: mbwa mchanga anayekosa mara kwa mara huanza kubweka akiwa mbioni kwa kukata tamaa, na kubweka huko kukishajengeka ni vigumu sana kukung'oa. Husababishwa vilevile na kumfunza pamoja na mbwa mwingine anayebweka. Kwa hiyo hufunzwa peke yake.

Akikamata, taa kali huzimwa. Mwindaji humulika mwanga hafifu kwenye nyasi zilizo miguuni pake, ili mbwa aone pa kurudi bila kupigwa machoni. Lacha wengi huleta sungura akiwa hai. Mwindaji humpokea kwa utaratibu ule ule wa soksi, na kumuua mara moja kwa kumtengua shingo, bila kumchelewesha. Mbwa akimkosa sungura, haitwi kwa ukali, maana atakuwa ameadhibiwa kwa kurudi.

Sungura aliyeponyoka naye amejifunza kwa kanuni ile ile ya Thorndike. Taa ilitangulia hatari, kukimbia kukamwokoa. Mara nyingine akiona mwale kwa mbali hatajibana chini, ataondoka mapema. Shamba linalopitiwa kila usiku hujaa sungura wa namna hiyo ndani ya muda mfupi, na ni shule mbaya kwa mbwa anayeanza. Humpasa mwindaji awe na mashamba kadhaa yenye ruhusa, na kila moja alipumzishe kwa majuma kabla ya kulirudia. Nyumbani, kabla ya chakula, mbwa hukaguliwa chini ya taa ya kawaida: nafasi kati ya vidole, kucha, ngozi ya kifua, fizi, na pembe za macho ambako mbegu za nyasi hupenda kujificha.